"Sawa daktari" haitoshi: jinsi ya kuchunguza mazungumzo ya mtoa huduma na mgonjwa

Simama nje ya chumba cha tabibu katika zahanati yoyote ya wilaya za Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, umuulize anayetoka, "Umehudumiwaje?" Atakujibu, "Vizuri." Muulize wa pili, wa tano, wa kumi: vizuri, tunashukuru. Kisha mwombe yule wa kwanza afungue bahasha ya dawa akueleze atazimezaje. Hapo ndipo utafiti unapoanza, maana majibu hayo mawili yametoka kwa mtu mmoja na mara nyingi hayaendani.

Mwongozo huu unamfaa mwanafunzi anayeandika tasnifu, muuguzi anayetaka kuchunguza kituo chake, au timu ya afya ya halmashauri iliyochoka na madodoso ya kuridhika yanayosema mambo yale yale kila mwaka. Njia tunayoishikilia ni moja: nasa maneno yaliyosemwa chumbani, mhoji mgonjwa akitoka, kisha linganisha.

Bana swali

"Mawasiliano kati ya watoa huduma na wagonjwa mkoani Dodoma" ni jina la kitabu, si swali la utafiti. Huwezi kulipima. Chagua kitendo kimoja, kundi moja la wagonjwa na aina moja ya kituo. Mfano: mgonjwa wa presha anapoanzishiwa dawa mpya kliniki, anaambiwa nini kuhusu dawa hiyo, na anatoka na nini kichwani? Au: mgonjwa aliyekuja na shida mbili, ile ya pili inasemwa wakati gani, na ni wangapi wanarudi nayo nyumbani?

Swali hili la pili lina historia ndefu. Mwaka 1984 Beckman na Frankel walichapisha nchini Marekani uchambuzi wa mazungumzo 74 ya daktari na mgonjwa. Kwa wastani, mgonjwa aliyeanza kueleza shida yake alikatizwa baada ya sekunde 18, na ni katika mazungumzo 17 tu ambapo alifika mwisho wa maelezo yake ya mwanzo. Takwimu hiyo imenukuliwa hadi imechakaa. Usiichukue kama ya Dodoma. Na ukitaka kupima ya kwako, amua kwanza saa inaanza kuhesabu lini. Ukianza kwenye "karibu", basi "shikamoo", "marahaba", "habari za nyumbani" na "nzuri" vitakula sekunde zako zote kabla ugonjwa haujatajwa. Kanuni inayofanya kazi ni kuanza pale swali la kwanza la kiafya linapomalizika, yaani baada ya "unasumbuliwa na nini?", si kabla.

Jihadhari pia na kuhamisha vipimo vya lugha nyingine. Mwaka 2007 John Heritage na wenzake walionesha kwamba madaktari wa Marekani wakibadilisha neno moja la Kiingereza katika swali la kuuliza kama kuna shida nyingine, shida zilizobaki bila kusemwa hupungua kwa asilimia 78. Neno moja lilikuwa linamsogeza mgonjwa kwenye "ndiyo", jingine kwenye "hapana". Kiswahili hakina jozi hiyo ya maneno. Ukitafsiri swali lao, pande zote mbili zitatoka "kuna kingine?" na jaribio lako litakuwa limekufa kabla halijaanza. Sisi tuna jozi zetu. "Ni hayo tu?" inafunga mlango. "Na kipi kingine kinakusumbua?" inauacha wazi. Zipo pia "hakuna kingine, eh?" na ile ya kusema "haya" huku mkono ukiwa tayari unaandika dawa. Tafuta kilichopo kwenye rekodi zako kwanza, ndipo utengeneze kipimo.

Vibali na ridhaa

Tenga miezi, si wiki. Andiko linaanzia kamati ya maadili ya chuo chako. Utafiti mwingine wa afya hupelekwa pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Baada ya hapo barua inateremka ngazi: mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mganga mfawidhi wa kituo. Usiruke ngazi hata kama mganga mfawidhi ni rafiki yako. Akihamishwa katikati ya kazi, barua ndiyo itakayobaki.

Ridhaa inatoka pande mbili, na ya mtoa huduma ndiyo inayosahaulika. Barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya si ridhaa ya tabibu. Mkalishe peke yake, bila bosi wake, mwambie wazi kwamba anaweza kukataa na kwamba hakuna atakayepewa rekodi yake kwa ajili ya tathmini ya kazi. Lihakikishe hilo kwa maandishi, kwa sababu kuna siku mtu wa juu atakuja kuomba kusikiliza.

Mgonjwa aombwe kwenye benchi kabla hajaingia, na aulizwe tena akitoka: sasa unajua ulichokisema mle ndani, bado unaruhusu? Swali hili la pili linaokoa mengi. Mtu aliyeingia kwa kikohozi anaweza kuwa amezungumzia jambo la ndoa yake. Asiyesoma asomewe fomu mbele ya shahidi asiye mtumishi wa kituo, kisha aweke dole gumba. Na usiombe ridhaa wakati foleni inasogea. Anayehofia kupoteza nafasi atakubali chochote.

Sauti ya mgonjwa pamoja na ugonjwa wake ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Andika mapema nani ana funguo, faili zinakaa wapi na zitafutwa lini.

Jambo jingine la kuamua kabla: ukisikia kosa la hatari kwenye rekodi, kwa mfano mtoto kupewa dozi ya mtu mzima, utafanya nini? Andiko lako lazima liwe na jibu, na fomu ya ridhaa ya mtoa huduma iseme hivyo. Tunapendekeza mtu mmoja mwenye taaluma ya tiba asikilize rekodi za siku hiyo hiyo jioni. Ukisubiri unukuzi wa miezi miwili, mtoto ameshameza.

Mazungumzo moja au vipande vitatu?

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu ambao daktari wao humwona mgonjwa mara moja, mlango ukafungwa, yakaisha. Kwetu mgonjwa hupita mapokezi, akapimwa uzito na presha na nesi, akaingia kwa tabibu, akatumwa maabara, akasubiri, akarudi kwa tabibu na karatasi ya majibu, kisha akaenda dirisha la dawa. Maneno kuhusu ugonjwa yamegawanyika katika vituo hivyo vyote. Ukinasa kipande cha kwanza tu, utaandika kwamba tabibu hakueleza ugonjwa. Kumbe alieleza baada ya majibu, au alimwachia mtu wa dirishani.

Kwa hiyo kila mgonjwa apewe namba moja na vipande vyake viwe na herufi. Faili Z03-T07-W12-A ni zahanati ya tatu, tabibu wa saba, mgonjwa wa kumi na mbili, kabla ya maabara. B ni baada ya maabara. C ni dirisha la dawa. Jina la mtu lisiingie kwenye jina la faili kamwe. Orodha inayounganisha namba na majina iwe kwenye karatasi, kabatini, mbali na kompyuta yenye sauti.

Na saa ya kinasa isomwe vizuri. Mgonjwa akisema alifika saa mbili na robo, kinasa kinaandika 08:15. Timu yenye wasaidizi wanne, wawili wakiandika kwa saa ya Kiswahili na wawili kwa saa ya simu, hutoa jedwali ambamo watu wamesubiri saa sita kabla ya kituo kufunguliwa. Chagua moja na iandikwe juu ya kila fomu.

Wangapi

Kosa la kawaida ni kunasa wagonjwa 300 wa matabibu watano na kudhani una sampuli kubwa. Tabibu ana tabia yake ya kuongea. Wagonjwa wake wanafanana kwa sababu yake. Hesabu ya kurekebisha ni rahisi: 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya wagonjwa kwa kila tabibu na r ni kiasi wanavyofanana. Chukua r ya 0.1. Matabibu 20 kwa wagonjwa 15 kila mmoja: 1 + 14 × 0.1 = 2.4, na 300 ukigawanya kwa 2.4 unabaki na thamani ya wagonjwa 125. Matabibu 30 kwa wagonjwa 10: 1 + 9 × 0.1 = 1.9, unabaki na takriban 158. Rekodi ni zile zile 300, nguvu ya takwimu imeongezeka. Gharama yake ni barabara, kwa sababu zahanati huwa na mtu mmoja au wawili tu wanaoona wagonjwa. Matabibu 30 ni karibu wilaya nzima na nauli ya bodaboda ya wiki kadhaa. Panga safari nje ya masika kama unakwenda vijiji vya bonde la Bahi.

Kisha lipo tatizo la kuigiza. Mtu akijua anasikilizwa, hujitengeneza. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walilionesha Arusha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006: ubora wa huduma ulipanda timu ya watafiti ilipofika, kisha ukashuka taratibu hadi kurudi ulivyokuwa kati ya mgonjwa wa 10 na wa 15. Ukinasa wagonjwa 10 kwa kila tabibu, basi umenasa maigizo matupu. Dawa yake ni kuacha kinasa kifanye kazi kwa wagonjwa wengi kuliko unaowahitaji: nasa 20 hadi 25, tumia 10 za mwisho. Zile za mwanzo pima urefu wake tu, uone kama muda unashuka, halafu zifute. Wagonjwa hao nao waombwe ridhaa kama wengine. Na mtafiti asikae chumbani. Kinasa kinasahaulika, mtu hasahauliki.

Wapo wanaotumia wagonjwa wa kuigiza, watu waliofunzwa kuingia na dalili za uongo. Njia hii inafaa hospitali za mjini zenye wageni wengi. Katika zahanati ya kijiji, mgeni anajulikana tangu aliposhuka kwenye gari, na kabla hajakaa kwenye benchi ameshaulizwa ni wa nani.

Kinasa mezani

Simu inatosha kwa majaribio, si kwa kazi yenyewe: itapigwa, itaishiwa chaji, au itapakia sauti kwenye akaunti ya mtandaoni bila wewe kujua. Tumia vinasa sauti viwili vidogo. Kimoja kikae karibu na mgonjwa, umbali wa nusu mita hadi mita moja, kingine upande wa pili. Usikiweke moja kwa moja juu ya meza ya tabibu. Meza inabeba mshindo wa muhuri, droo, kalamu na kisigino cha mguu unaotikisika, na vyote vinafunika sauti ya mwanamke anayeongea chini chini. Kanga iliyokunjwa mara nne chini yake inapunguza karibu usumbufu wote huo. Feni iwe nyuma ya kinasa. Upepo wa Dodoma unaingia dirishani na kuvuma kama gari. Sponji ya kufunika maikrofoni ni ya bei ndogo. Kwa mvua juu ya bati hakuna la kufanya, andika tu "haisikiki" na muda wake.

Weka mfumo wa WAV, chaneli moja, biti 16, 44.1 kHz. Hiyo ni takriban MB 5.3 kwa dakika. Rekodi 300 za dakika nane ni dakika 2,400, kama GB 12.7. Usinase kwa MP3 ya ubora mdogo ili kuokoa nafasi, kwa sababu kinachopotea kwanza ni pumzi, mguno na "mh" ya mgonjwa, vitu ambavyo utavihitaji sana. Kila jioni hamishia kwenye diski mbili zilizofungwa kwa nywila, sikiliza sekunde kumi za kila faili, ndipo ufute kwenye kinasa.

Video inaonesha mengi zaidi: tabibu anaangalia nani, daftari au mtu. Lakini inaonesha na sura. Kama swali lako halihusu macho na mikono, achana nayo.

Na usizime kinasa mgonjwa anaposimama. Jambo zito mara nyingi hutolewa mkono ukiwa kwenye kitasa: "Halafu daktari, kuna hili la..." Msaidizi aliyezoea kuzima mara tu aliposikia "haya, asante" amekata sehemu yenye thamani kuliko zote.

Kuandika kilichosemwa

Saa moja ya sauti huchukua kati ya saa nne na sita kuinukuu kwa maneno tu. Dakika 2,400 ni saa 40 za sauti. Kwa wastani wa saa tano, hiyo ni saa 200 za kazi, zaidi ya siku 33 za mtu mmoja anayenukuu saa sita kwa siku. Unukuzi wa kina, wenye kupima ukimya na sauti zinazopandana kwa alama alizozianzisha Gail Jefferson, unakula saa 20 au zaidi kwa kila saa. Kwa hiyo nukuu yote kwa maneno, halafu chagua vipande vya kunukuu kwa kina. ELAN, programu ya bure kutoka Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, inaunganisha maandishi na sauti ili ukibofya mstari usikie.

Kwa nini ukimya upimwe? Tazama kipande hiki tulichokitunga kwa mfano. Mabano ya mraba ni mahali sauti zinapopandana, namba ni sekunde za ukimya, nukta mbilimbili ni sauti kuvutwa:

1 Tabibu: Unasumbuliwa na nini mama?
2 Mgonjwa: Mwili hauna nguvu, na hiki kichwa [kina-
3 Tabibu: [Homa imeanza lini?
4 Mgonjwa: (0.8) Homa:: siku tatu.
5 Tabibu: Haya. Kapime malaria, urudi na majibu.
6 Mgonjwa: (1.2) Sawa.

Mama hajataja homa. Imeletwa mstari wa 3, naye baada ya ukimya akaipokea. Kwenye daftari la wagonjwa itaandikwa "homa siku tatu", na kila atakayesoma atadhani yeye ndiye aliyeileta. Tena neno lenyewe ni pana: kwa wengi homa ni kuumwa kwa jumla, si joto la mwili. Kichwa kilichokuwa "kina-" nini hatutajua. Na "sawa" ya mstari wa 6 imekuja baada ya sekunde 1.2, muda mrefu sana katika mazungumzo. Kwenye nukuu ya maneno matupu mstari huo ungeonekana kama makubaliano.

Lugha nayo isifutwe. Mgonjwa anaweza kuanza kwa Kigogo, tabibu wa kutoka mkoa mwingine akajibu kwa Kiswahili, na binti aliyemsindikiza bibi akatafsiri nusu. Kondoa utakuta Kirangi, Chemba Kisandawe chenye vidoko ambavyo mnukuzi asiyekijua hawezi hata kuviandika. Nukuu lugha iliyosemwa, weka tafsiri ya Kiswahili mstari wa chini, na mpe msindikizaji safu yake. Usiandike maneno ya binti kama jibu la bibi. Tafsiri ikaguliwe na mtu wa pili anayeijua lugha hiyo tangu utoto. Maneno kama kichomi, chango, mshipa na moyo kwenda mbio yabaki kama yalivyo. Ukiyageuza majina ya hospitali umemfanyia mgonjwa uchunguzi wa ugonjwa ambao hukuombwa.

Kusimba

Kuhesabu kunahitaji makundi, na kusimba ni kuipa kila kauli kundi lake. Mfumo unaotumika sana duniani ni RIAS wa Debra Roter, ambao unakata mazungumzo katika kauli ndogo na kuzipanga katika makundi yapata 40: swali wazi (linalomwacha mgonjwa aeleze), swali funge (linalotaka jibu fupi), kutoa maelezo, kutuliza, kuonesha hisia na kadhalika. Unaweza kuutumia au kuutengenezea mfupi wa kwako wenye makundi nane hadi kumi na mawili, ambao kwa tasnifu ya shahada ya uzamili unatosha. Kitakachokuumiza kichwa ni maneno matatu.

La kwanza ni "pole". Ukisimba kila "pole" kama huruma, watoa huduma wetu watakuwa na huruma kuliko wote duniani. Ukiiacha kabisa, umefuta huruma ya kweli. Kanuni moja inayosaidia: "pole" inayofuatwa na kauli inayogusa alichosema mgonjwa ("pole, siku tatu hujalala ni nyingi") ni huruma, "pole" inayofuatwa na amri au swali jingine ni adabu.

La pili ni "nzuri". "Unaendeleaje?" "Nzuri tu." Hilo ni jibu la salamu, wala si taarifa ya afya. Alama yake ni "ila" au "lakini" inayokuja nyuma: "Nzuri, ila huu mguu." Taarifa inaanzia kwenye "ila".

La tatu ni "sawa", pamoja na "ndiyo" ya kujibu "umeelewa?". Usiisimbe kama kuelewa. Ipe kundi lake, "mwitikio", na urekodi kama ilifuata ukimya. Mama anayemwamkia tabibu wa miaka ishirini na sita kwa "shikamoo daktari", huku umri ukitaka kinyume chake, hawezi kirahisi kumwambia "sijaelewa". Salamu hiyo yenyewe isimbwe, nani kaanza na nani kaitikia. Inaeleza madaraka kuliko swali lolote la dodoso.

Andika kitabu cha misimbo chenye mifano miwili ya kauli zinazoingia na mmoja wa isiyoingia kwa kila kundi. Wasimbaji wawili wasimbe kila mmoja kivyake asilimia 10 hadi 20 ya rekodi, kisha pima makubaliano kwa kappa, kipimo kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha, si kwa asilimia. Sababu ni hii: katika maswali 100, wote wawili wameita wazi 12, wote wameita funge 78, wakatofautiana katika 10, sita kwa upande mmoja na manne kwa mwingine. Makubaliano ni asilimia 90, yanapendeza. Lakini maswali funge ni mengi mno, hivyo hata kwa kubahatisha wangekubaliana: 0.18 × 0.16 + 0.82 × 0.84 = 0.718. Kappa ni (0.90 − 0.718) ÷ (1 − 0.718), yaani takriban 0.65. Inakubalika, haipendezi. Ikishuka chini ya 0.6, tatizo liko kwenye kanuni; rudini mezani na rekodi tano, msipige kura.

Mlangoni

Mhoji avae nguo za kawaida, asivae koti jeupe wala kitambulisho kinachofanana na cha kituo, na akae mahali ambapo tabibu hamwoni. Chini ya mti mbali na geti panafaa kuliko ofisi ya kuazima. Asiulize "uliridhika?" wala "ulielewa?". Aulize matukio: alikuuliza kama una swali? Ulitaka kusema jambo ambalo hukulisema? Kama kwenye benchi uliorodhesha pamoja na mgonjwa mambo aliyokuja nayo, sasa mnapitia orodha moja moja.

Kisha dawa. Azishike mkononi aeleze: ni ya nini, ngapi kwa wakati, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na akiona nini arudi. Mambo matano, alama moja moja. Usikubali asome "1x3" kwenye bahasha. Muulize leo atameza saa ngapi. Dawa mseto ya malaria ni mtihani mzuri wa hili. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu, na dozi ya pili inafuata saa nane baada ya ya kwanza, si "jioni". Aliyemeza ya kwanza saa kumi alasiri anatakiwa kuamka saa sita usiku. Wengi huambiwa "nne asubuhi, nne jioni", na hesabu ya siku ya kwanza inabaki hewani.

Sasa fungua rekodi ya mtu huyo huyo na upange kila moja ya mambo matano katika moja ya nafasi tatu: lilisemwa na likakumbukwa, lilisemwa likapotea, au halikusemwa kabisa. Jedwali hili ndilo zao lako. Lililopotea linakupeleka kuangalia namna lilivyosemwa: lilichanganywa na mengine sita, lilisemwa mgonjwa akivaa viatu, au lilisemwa kwa Kiswahili kwa mtu wa Kigogo. Ambalo halikusemwa ni suala jingine kabisa, la tabibu, foleni na mgawanyo wa kazi na dirisha la dawa. Dodoso la kuridhika linayatia yote mawili kwenye kapu moja, ndiyo maana mafunzo yanayotokana nalo hayabadilishi kitu. Ipo pia nafasi ya nne, adimu: mgonjwa anajua jambo ambalo halikusemwa popote kwenye faili A, B wala C. Muulize amelipata wapi. Mara nyingine ni jirani wa benchi.

Kama una muda, wapigie au wafuate wagonjwa wachache baada ya siku tatu na urudie swali la dawa. Hesabu vidonge vilivyobaki.

Kurudisha

Wape watoa huduma matokeo ya kundi zima, kamwe si ya mtu mmoja mmoja mbele ya wenzake. Katika kituo chenye matabibu wawili hata "tabibu A" anajulikana, kwa hiyo changanya vituo. Kinachofanya kazi zaidi kuliko chati ni mistari sita ya nukuu kutoka kituo kingine, iliyobadilishwa majina na mahali, ikasomwa kwa sauti na watu wawili. Wasimamishe wasomaji kwenye mstari wa 2 uwaulize watoa huduma: wewe ungesema nini hapa? Sauti yenyewe usiicheze. Katika wilaya hizi watu wanajuana kwa kukohoa tu.

Faili za sauti zifutwe tarehe iliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa, na ile karatasi ya namba na majina ichomwe siku hiyo hiyo, mbele ya mtu wa pili, wote mkitia saini.